Usimwambie Fundi Afute

Wanasema kitu kikifutwa kwenye kompyuta hakifutiki. Wanasema kinajificha mle ndani kama panya darini, kinamsubiri mtu anayejua kukiita. Niliyasikia hayo nikiwa nimekaa chini, kichwa changu kiko mikononi mwa msusi, na tangu siku ile sikutulia tena.

Wala hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anamsimulia mteja wa kwenye benchi.

"Mwanaume kafuta picha zake zote, shoga yangu. Zote! Kapeleka kompyuta kwa fundi kutengenezewa spika. Fundi kabonyeza sijui wapi, picha zinarudi moja moja, na mashemeji wamejaa sebuleni."

"Mungu wangu! Akasemaje?"

"Alisema ni za mdogo wake."

Wakacheka mpaka nywele zangu zikavutika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya kanga. Miezi saba ilikuwa imepita tangu niifute sauti ya mwanangu.

Niseme yote, ili mzazi mwingine asije akaingia shimo nililoingia mimi.

Binti yangu wa kwanza tulimwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla hajatembea na hakunyamaza tena. Alipokua akawa mpiga chapa kwenye duka la vifaa vya ofisi, huko ndiko alikoipata kompyuta yake ya mezani, boksi zito lililokwisha tumika na mtu mwingine. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Chiriku, na mama yangu mzazi ambaye watu wote wanamwita Bibi. Bibi macho yalimwisha taratibu. Chiriku akawa anamsomea kila akitoka kazini, magazeti, vitabu vya kuazima, hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Bibi akitaka kujua sabuni ile imetengenezwa na nini, anasomewa mpaka mwisho.

Mchana Bibi alibaki hana msomaji, maana mimi nasoma kwa kidole, na mstari mmoja unanichukua dakika. Ndipo Chiriku akaanza kujirekodi. Alinifundisha mara moja tu: bonyeza hapa, kisha pale penye jina BIBI.

"Mama, hii diski nimeigawa sehemu tatu," aliniambia. "Ya kwanza ni ya mashine yenyewe. Ya pili ni ya kazi zangu. Ya tatu ni ya Bibi peke yake."

"Na mimi yangu iko wapi?"

"Wewe si hutaki kusomewa? Wewe unataka kuoshewa vyombo."

Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku kumi na mbili. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Baada ya hapo, kila siku saa kumi alasiri, Bibi alikaa kwenye kiti chake, nami nikamwashia. Sauti ikianza tu, mimi niko uani. Nilikung'uta mikeka isiyo na vumbi. Nilianua nguo mbichi nikazianika tena. Kwa miaka mitatu Bibi alisikiliza na mimi nilikimbia. Nilijiambia nitasikiliza moyo ukipoa. Niliiweka ile sauti kama mtu anavyoweka nguo ya kutokea, anaogopa kuivaa isije ikachakaa.

Kisha mashine ikaanza kuunguruma. Inapata moto, inajizima katikati ya kusoma, Bibi anabaki na nusu ya neno. Nikachungulia nyuma kwenye matundu, nikaona vumbi limegandamana kama pamba. Nikaifunga kwenye shuka, nikaibeba mpaka kwa fundi wa kona, yule tunayemwita Fundi Kalamu kwa sababu bisibisi yake haitoki nyuma ya sikio. Haya ndiyo maneno tuliyosemezana, nayakumbuka kama sala.

"Fundi, nifutie hii mashine. Imejaa."

"Nifute yote, mama?"

"Yote. Mpaka ndani kabisa."

"Hakuna cha kubakiza?"

"Ubakize cha nini? Uchafu wote utoke."

Mimi nawaza vumbi, yeye anasikia diski. Neno ni moja, na kila mmoja ameondoka na maana yake.

Kesho yake akanipokea kwa tabasamu. "Tayari, mama. Na window mpya nimekupigia."

Nikaizunguka mashine, mbele na nyuma. "Liko wapi?"

"Nini?"

"Hilo dirisha."

Fundi akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, sijui nacheka nini. Nikaibeba nikaenda zangu.

Nilipoiwasha nyumbani, feni ikaunguruma vilevile. Vumbi lilikuwa palepale, hata mtu hajalipuliza. Lakini sehemu ya tatu haikuwepo. Ilikuwepo moja tu, nyeupe, tupu. Bibi yuko kwenye kiti, mikono mapajani, anangoja.

"Leo imechelewa," akasema.

"Inaumwa, mama. Fundi anangoja kipuri."

Nilirudi kwa Fundi Kalamu nikiwa peku mguu mmoja, kandambili imekatikia njiani. Aliponielewa, rangi ilimtoka.

"Mama, ulisema nifute."

"Nilisema vumbi!"

"Hukutaja vumbi, mama. Haki ya Mungu, hukutaja."

Ni kweli. Sikutaja. Yule kijana si mtu mbaya, na huruma yake ndiyo ilizidisha balaa. Alikuja mwenyewe nyumbani, akamwekea Bibi nyimbo mia mbili na zaidi, na mahubiri, na sinema za kusikiliza, ili asikae kimya. Nikamshukuru. Nikampa na chai. Hakuna kati yetu aliyejua alichokuwa anafanya.

Bibi hakuzitaka nyimbo. Saa kumi ikifika, uso wake unageukia kona ile ya mashine. Siku nyingine hasemi kitu. Siku nyingine anauliza, "Kipuri kimefika?" Nami nadanganya tena.

Sasa turudi kwa msusi. Nilitoka pale nusu kichwa kimesukwa, nusu bado, nikamwambia nitarudi. Nilifika nyumbani nikaiwasha mashine. Nikafungua kila kilichofunguka. Kesho yake nikaiwasha tena. Nilikuwa namwanika Bibi juani asubuhi, kisha naingia ndani kumtafuta mtoto. Nilifanya hivyo kila siku kwa karibu miezi miwili, nikiamini nikiiacha imezimwa muda mrefu, kile kilichojificha kitakufa kwa baridi. Nilifikia kuita. Ndiyo, niliinama kwenye lile boksi nikasema, "Chiriku."

Unajua uso wa mtu una picha. Unaupangusa, unautazama, unarudisha kabatini. Sauti haina pa kushika. Nilikuwa nimeanza kuipoteza. Nilikumbuka kwamba alikuwa anavuta hewa kabla ya neno gumu, lakini nikijaribu kuisikia hiyo pumzi masikioni, naisikia yangu mwenyewe.

Nikamrudia Fundi Kalamu, nikamwambia wanavyosema watu. Akasema ipo programu ya kutafuta vilivyofutwa. Akaiingiza kwenye diski ileile, akaiambia itafute, na kila ilichokiokota akakihifadhi kwenye diski ileile. Ilitoa vipande sita, hakuna hata kimoja kilichofunguka. Akatoa bisibisi sikioni akaiweka mezani.

"Mama, hii imenishinda. Nenda kwa Dada Pengwini. Na mwambie ukweli wote, hata nilichofanya mimi."

Dada Pengwini ana chumba juu ya duka la fotokopi. Watu wa jengo lile walimpa jina hilo kwa sababu ya stika kwenye kompyuta yake, ndege mnene mweusi mwenye tumbo jeupe, na kwa sababu na yeye anatembea kwa kuyumba kidogo. Jina analijua na halimkeri.

"Shikamoo, mama. Mashine uliiwasha lini mara ya mwisho?"

"Marahaba. Asubuhi hii hii, mwanangu. Naiwasha kila siku isije ikafa."

Akavua miwani. "Kila siku?"

Nikamweleza yote, kufuta, nyimbo, programu, mpaka lile la kuita jina. Hakunicheka.

"Mama, umewahi kulima?"

"Nimekulia shambani."

"Basi diski ni shamba. Mwanao aliligawa vipande vitatu, akaweka mipaka. Fundi hakung'oa mazao. Aling'oa vigingi, akachana ramani, akachora nyingine inayosema hapa pana kipande kimoja, kitupu. Mazao yamesimama, ila ramani haiyajui."

Nilisimama bila kujijua. "Kwa hiyo ni kweli! Hakifutiki!"

"Kaa, mama. Ni kweli nusu. Kinabaki mpaka kingine kipandwe mahali pake. Kikishapandwa, basi, hakuna wa kukirudisha. Zile nyimbo zimepandwa. Programu imepandwa. Na wewe kila ukiiwasha, mashine inapanda vitu vyake kimyakimya. Hatujui imepanda wapi."

Nusu. Kwa msusi hilo halikusemwa. Watu walinipa nusu tamu, na kwa nusu hiyo nikaenda kumwangamiza mwanangu kila asubuhi kwa mkono wangu.

Dada Pengwini hakuiwasha mashine hata mara moja. Alifungua boksi, vumbi likamwagika mezani kama unga wa kijivu.

"Vumbi lote hili!" akasema, akatafuta kitambaa.

"Hilo ndilo nililotaka lifutwe," nikamwambia, tukatazamana.

Akaichomoa diski, kitu kidogo cha kutosha kiganjani, akaiunganisha na kompyuta yake kupitia kijisanduku kinachozuia chochote kisiandikwe ndani. Kompyuta yake inatumia Linux, mfumo wenye nembo ya yule ndege, haina picha wala mapambo, ni maandishi tu kwenye kioo cheusi.

"Hii yenyewe hatuishughulikii," akasema. "Nachukua nakala yake nzima, mwanzo hadi mwisho, pamoja na panapoonekana patupu, hasa hapo. Kisha ya kwako naifunga kwenye bahasha. Kazi yote naifanyia kwenye nakala. Nikikosea, nimeharibu nakala, sijamharibu mwanao."

Alisema hivyo, mwanao, kama vile yumo. Nikageuka nikatazama dirishani.

Kunakili kulichukua saa tatu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimekumbatia mkoba, natazama namba zinapanda. Chini fotokopi ilikuwa inakohoa karatasi. Nilikuwa najiuliza nitaanza kusikia nini. Nilitaka kicheko. Halafu nikaona kicheko ni kikubwa mno, nitosheke na pumzi. Halafu nikaona hata akikohoa tu, nitapokea.

Namba ziliposimama, Dada Pengwini aliiuliza ile nakala ina sehemu ngapi. Ikajibu moja. Nikashika meza.

"Hiyo ni ramani ya fundi," akasema. "Sasa tunatembea shamba lenyewe." Akaendesha programu nyingine inayokagua nakala nzima hatua kwa hatua, ikitafuta vichwa vya sehemu za zamani. Ilikaa kitambo. Kisha ikaandika mistari mitatu. "Ya kwanza imekaliwa yote. Ya pili imeguswa. Ya tatu... ilikuwa na jina?"

"BIBI."

"Mbona hii hapa."

Herufi nne, nyeupe kwenye weusi. Alikuwa ameziandika Chiriku kwa vidole vyake.

Dada Pengwini akachukua namba ya pale sehemu ilipoanzia, akaiagiza mashine ifungue kuanzia hapo, kwa kusoma tu. Mashine ikakataa.

"Aa! Nimesahau kuzidisha," akasema. "Hizi zinahesabiwa kwa vipande, na kila kipande ni baiti mia tano na kumi na mbili. Mashine inataka baiti."

"Mimi darasa la nne nilichapwa kwa kusahau hivyohivyo."

"Ungekuwa mwalimu wangu ningekoma." Akazidisha, akaagiza tena. Kioo kikabaki kimya.

"Haijajibu," nikasema.

"Hii ikinyamaza ndiyo imekubali, mama."

Akaomba orodha. Ikashuka. Faili arobaini na moja, majina aliyoyaandika mwenyewe: bibi gazeti, bibi sabuni, bibi mke wa tarishi moja, mke wa tarishi mbili. Nilisoma kwa kidole kwenye kioo na Dada Pengwini hakunizuia. Nikadhani nimempata mzima.

Akafungua ya kwanza. Ikatoka kelele kama mtu anamwaga kokoto kwenye sinia la bati. Ya pili, kokoto. Ya tatu, kokoto.

"Jina liko, ndani pamekaliwa," akasema taratibu. "Hapa ndipo nyimbo zilipolala."

Ya nne ikavuta pumzi. Ile pumzi. Kisha: "Bibi, leo gazeti limejaa mambo ya mipira, kwa hiyo nakusomea matangazo ya nyumba za kupanga, uchague utakayohamia ukituchoka."

Sitaeleza nilivyokuwa. Dada Pengwini alitoka nje akafunga mlango, na nasikia alikaa ngazini muda mrefu.

Tulizipitia zote. Nzima zilikuwa kumi na moja. Tisa zinaanza vizuri kisha zinaingia kokoto katikati. Hadithi ya mke wa tarishi, aliyoitunga mwenyewe kwa Bibi, imebaki sehemu ya pili na ya tano, mwanzo hakuna na mwisho hakuna. Nyingine zote ni majina tu. Nilimuuliza swali ambalo ningelimeza ningekuwa na akili.

"Ningeizima siku ileile ya kwanza, na nisiiguse?"

Akaanza kukunja nyaya. Nikamkazia macho.

"Karibu zote, mama. Windows ilikaa mwanzoni mwa diski. Huku nyuma palikuwa salama."

Nilirudi nyumbani na nakala mbili za zile faili na mashine iliyofutwa vumbi, yenye diski nyingine. Saa kumi ilikuwa bado, nikamwomba Bibi akae nimwambie kitu.

"Mama, nilikudanganya. Hakukuwa na kipuri. Nilimfuta mtoto kwa mdomo wangu."

"Kipuri nilijua hakipo," Bibi akasema. "Kipuri gani cha miezi tisa? Kinazaliwa?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uchoke." Akanyoosha mkono akanitafuta, akanipata begani. "Wamebaki wangapi?" Alisema wamebaki, kama watoto.

"Kumi na mmoja wazima."

"Washa. Na leo huendi kuanua nguo."

Nikakaa chini, mgongo kwenye kiti chake. Tulisikiliza nyumba za kupanga, Bibi akazikataa zote kwa sauti. Tukasikiliza sabuni. Kisha ikaja moja isiyo na jina, ina tarehe tu. Chiriku anaanza kusoma, mstari wa tatu inaingia sauti ya mtu anafoka kwa mbali: "Chiriku! Funga hilo dude, njoo uoshe vyombo!"

"Huyo nani mwenye kelele?" Bibi akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Hujabadilika."

Chiriku anacheka, anasema, "Nakuja, mama," kiti kinasogea. Lakini hakuzima. Mashine ikaendelea kurekodi chumba kitupu dakika ishirini na mbili. Bomba linafunguliwa. Sahani zinagongana. Na kule jikoni sisi wawili tunaongea.

Bibi alisinzia. Mimi niliirudia, na siku iliyofuata nikairudia, na mpaka leo narudia. Maneno hayashikiki. Nasikia sauti yake inapanda mwishoni, kama anauliza, na yangu inajibu kwa neno moja, fupi, la mtu mwenye haraka. Kisha maji. Kisha anauliza tena. Nimempelekea Dada Pengwini aiongeze sauti, akaongeza mpaka matone yakawa mawe, maneno bado hayatoki. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake na kitambaa mkononi. Sikumbuki aliniuliza nini.

Basi mwenzangu, haya ndiyo ya kuepuka.

Usimwambie fundi "futa" wala "safisha" ukaishia hapo. Taja kitu chenyewe: vumbi.

Usijibu "yote" kabla hujauliza yote ni nini.

Usiwashe mashine iliyofutwa, hata kuchungulia tu. Chomoa waya.

Usikubali kuwekewa nyimbo, sinema wala programu yoyote kwenye diski uliyopotezea kitu.

Usikihifadhi kilichopatikana mahali kilipopotelea.

Usimruhusu mtu atafute kwenye diski yenyewe. Achukue nakala nzima kwanza, afanyie kazi nakala, kwa kusoma tu.

Usifanye kazi kwa uvumi wa saluni. Muulize anayejua, siku ileile.

Usiweke nakala zote kwenye nyumba moja.

Usiahirishe kusikiliza.